Maji ya Saa Tisa

Mama Matangi alitia vidole viwili kwenye chujio, akavisugua polepole huku macho yake yakitazama ukuta. Katika kazi ile macho hayana msaada. Kichanga wa chaza ni mdogo kuliko chembe ya unga, na aliye hai na aliyekufa wanafanana. Kidole ndicho kinachojua. Kikikwaruza, kama umeshika mchanga laini, basi vichanga wameota ganda na wanaendelea vizuri. Kikiteleza, umekwisha.

Kiliteleza. Kiliteleza kama uji uliopoa.

"Enhe?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama nusu ndani nusu nje, kama mtu anayengoja habari za mgonjwa.

"Nipe tochi."

"Tochi ya nini tena? Sema tu."

"Hawapo, baba watoto. Wamekwenda wote."

Mumewe akaondoka mlangoni. Baadaye kidogo alimsikia akifagia uwanja ambao alikwisha kuufagia asubuhi.

Mtaani walimwita Jogoo, na jina lenyewe alilipenda. Kabla mtu yeyote hajafungua mlango, yeye alikuwa ameshateremka ufukweni na kuwasha pampu ya kuvuta maji ya bahari. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu baba yake, aliyejenga banda lile la matangi: maji yavutwe alfajiri, yakiwa yametulia na baridi, kabla boti hazijamwaga mafuta na kabla mguu wa mtu haujatibua mchanga. Mvua inyeshe, homa imshike, Jogoo aliamka. Majirani waliacha hata kununua saa za mezani. Pampu ikianza kunguruma, walijua wakati wa kuamsha watoto umefika.

Kazi ya ukoo ule ilikuwa kuzalisha mbegu. Walichukua chaza wakubwa, wakawapashia maji moto kidogo hadi watoe mayai, kisha wakawalea vichanga ndani ya matangi mpaka wafikie ukubwa wa punje ya mtama. Hapo wafugaji walikuja na ndoo zao, wakanunua, wakaenda kuwaotesha kwenye kamba zilizofungwa katika mkono wa bahari ulio nyuma ya mtaa. Kwa hiyo watu wengi walining'inia kwenye kamba zile pamoja na chaza wao. Na sasa ilikuwa mara ya tatu mfululizo matangi kutoa uji.

Wa kwanza kuja siku ile alikuwa mfugaji mmoja jirani, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alitazama ndani ya ndoo yake tupu kama vile alikuwa na hakika imebeba kitu.

"Sasa mimi kamba zangu nizifanye nini, shoga? Nianikie nguo?"

"Nivumilie. Nitajaribu tena."

"Labda ni sabuni. Kitu kidogo namna ile, sabuni ikibaki tone tu, kitapona?"

"Sitii sabuni. Nasugua kwa maji ya moto, tangu nilipoolewa hapa."

"Mimi sijasema unatia. Nimesema labda."

Neno hilo "labda" lilitembea. Kufika jioni lilikuwa limeshafika kwa mama mkwe, na kesho yake mama mkwe alikuja bandani akipapasa ukuta, kwa maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi. Mbele ya wafugaji wawili waliokuja kuuliza habari, aliinama juu ya tangi la kwanza, akanusa. Akaenda la pili, akanusa. Akanusa hadi lile tangi dogo jeusi la pembeni, ambalo wao wenyewe waliliita Yatima kwa kuwa halikuwa na mwenzake. Mama Matangi alisimama na kitambaa mkononi, uso ukimwaka, kama mwanafunzi anayepekuliwa mkoba.

"Hakuna sabuni," mama mkwe alisema mwishoni.

Wale wafugaji wawili wakajifanya wanatazama paa.

* * *

Shemeji, mdogo wake Jogoo, alikuja kutoka mjini Jumapili akiwa na viatu vinavyong'aa na mkate mkubwa kwapani. Alikuwa mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba kila jambo alilitafutia mnunuzi.

"Kuna jamaa yangu anafungua mahali pa kuosha magari," alisema baada ya chai. "Anataka matangi. Haya yetu ni mazuri, ya kizamani, hayapasuki. Na kaka nimekutafutia kazi, geti la ghala moja kubwa. Kukaa tu. Unapewa na koti."

"Koti," Jogoo alisema.

"Koti zuri, kaka. Lina kofia."

"Na mke wangu?"

"Shemeji yangu hapa hawezi kukosa la kufanya mjini. Mwanamke anayejua kusugua hivi?"

Alisema kwa kusifu, wala hakujua kisu alichokipitisha. Mama Matangi aliinuka akaondoa vikombe, hata kile ambacho shemeji alikuwa hajakimaliza.

Banda lilikuwa la mama mkwe. Wote watatu walimgeukia yeye. Bibi yule alikuwa akimenya yai la kuchemsha kwa vidole, taratibu, asibakize hata kipande cha ganda.

"Mara moja zaidi," alisema. "Wakiishi, tunaendelea. Wakifa, lete gari lako, uchukue."

"Mama, mara moja zaidi ya nini? Ni mara ya tatu..."

"Nimesema. Na mkate wako una sukari nyingi."

* * *

Basi ile mara moja zaidi ikafika, na siku yenyewe ikaanza vibaya. Jogoo alijaza matangi mawili makubwa alfajiri kama kawaida. Alipohamisha mpira wa maji kwenda kwa Yatima, mkanda wa pampu ukakatika, paa, kama kofi. Akaenda kumtafuta fundi. Fundi alikuwa amekwenda harusini. Jogoo akamfuata huko huko harusini, akamngoja amalize kula, akarudi naye kwa mguu, fundi akilalamikia suruali yake njia nzima.

Pampu ilipona saa tisa mchana. Wakati huo chaza walikuwa wametoa mayai mengi kuliko siku zote. Mama Matangi alikwisha kuyagawa kwenye matangi makubwa, na bado beseni zima lilibaki.

"Nijazie Yatima," alisema.

Jogoo akaitazama bahari. Jua lilikuwa limeipiga tangu asubuhi. Watoto walikuwa wanaoga, na boti mbili zimeegeshwa.

"Maji haya? Yameshinda juani, yamekanyagwa, yamekojolewa. Afadhali libaki tupu."

"Na mayai niyamwage?"

"Mwaga."

"Mwaga wewe. Shika beseni, mwaga."

Jogoo akalishika beseni, akalitazama, akamrudishia. "Washa mwenyewe. Ila usije ukasema maji hayo nimevuta mimi. Baba angefufuka."

Akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye lundo la maganda ya chaza lililokuwa likikua pale tangu enzi za baba yake. Mama Matangi akawasha pampu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiwasha, na mlio wake mchana kweupe uliwafanya majirani watoke nje kuuliza nani amekufa.

* * *

Siku ya kupima, tangi la kwanza lilikuwa uji. La pili, uji. Mama Matangi hakuita mtu. Alifungua koki akayaacha maji yatoke, akasimama akiyaangalia yakipita kwenye mfereji. Akaenda kwa Yatima ili amwage na hilo amalize. Kwa mazoea tu ya mkono, akatega chujio, akatia vidole.

Vilikwaruza.

Alivitoa akavifuta kwenye nguo, akavitia tena. Vilikwaruza, sawasawa kabisa, kama sukari inayogoma kuyeyuka.

"Baba watoto!" sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka ikamuuma koo. "Njoo! Njoo na mama!"

Walikuja, wakatia vidole mmoja mmoja, wakatazamana. Halafu, badala ya furaha, yakaanza mabishano.

"Ni weusi wa tangi," mama mkwe alisema. "Vichanga wanataka giza. Nilimwambia marehemu."

"Ni mkanda mpya," alisema Jogoo. "Pampu sasa inavuta kwa upole. Haiwasumbui."

"Kama ni tangi jeusi, mara iliyopita lilikuwa jeupe?" Mama Matangi aliuliza. "Si walikufa humu humu? Na mkanda, mwenzangu, unavuta maji. Haunyonyeshi vichanga."

"Basi wewe unasemaje?"

"Nasema kuna kitu kimoja tu ambacho hakikufanana."

Jogoo alijua. Ilionekana kwenye shingo yake. "Usiseme," alisema.

"Sisemi. Lakini gari la ndugu yako linakuja, na mimi sitawapa matangi kwa sababu ya jambo tunaloogopa kulitaja."

Akajifunga leso kichwani, akatoka.

* * *

Gatini kulikuwa na binti wa vipimo, mfanyakazi wa ofisi ya uvuvi, aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Kila wiki alikuja kuchota maji kwenye vichupa na kutumbukiza kijiti chenye waya. Watu walimwita Daktari wa Maji, na si kwa heshima. Aliwahi kuomba kupima maji ya bandani, Jogoo akamjibu kwamba maji ya kwao hayaumwi.

"Binti yangu," Mama Matangi alimwambia, "hicho kijiti chako kinaweza kutofautisha maji ya alfajiri na maji ya saa tisa?"

Binti alifikiri. "Kinaweza. Lakini alfajiri sijawahi kupima. Ofisi inafunguliwa saa mbili, na ufunguo anao mwenye ofisi." Akacheka kidogo, kwa haya. "Miaka miwili nachota saa nne asubuhi."

"Basi leo lala kwangu."

Alilala. Alfajiri akateremka pamoja na Jogoo, ambaye alitembea mbele; binti akatumbukiza kijiti karibu na mdomo wa mpira wa pampu, akaandika. Akarudia saa tisa mchana, pale pale. Alipotazama namba mbili zile, alikaa chini kwenye mchanga na buti zake.

Jioni aliwaeleza barazani. Alieleza mara mbili, maana mara ya kwanza alitumia maneno ya ofisini na mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, hapa tuko nyumbani."

"Bahari inakunywa hewa ya moshi," alianza upya. "Moshi wa magari, wa viwanda, wa dunia nzima, siyo wa hapa tu. Ikishainywa, maji yanaingia ukali. Huuoni wala huuonji. Sasa zile nyasi za baharini hapo mbele, mchana jua likiwaka zinakula hewa hiyo, ukali unapungua. Usiku hazina jua. Zinapumua kama sisi, samaki nao wanapumua, hewa inajaa. Kwa hiyo alfajiri ndipo maji yanapokuwa makali kuliko wakati wote."

"Ukali wa namna gani?" mama mkwe aliuliza.

Binti aliomba siki kidogo kwenye kikombe. Akaokota ganda dogo jembamba kwenye lundo, akalitumbukiza, akamsogezea bibi kikombe sikioni.

"Linachemka," alisema mama mkwe. "Lina... linanong'ona."

"Siki inalila. Bahari haijafikia ukali wa siki, hata kidogo, nakupa mfano tu. Chaza mkubwa mwenye ganda nene bado anavumilia. Lakini kichanga anajenga ganda lake la kwanza kwa nguvu aliyoachiwa kwenye yai, basi. Maji yakiwa makali, anajenga kwa taabu, nguvu inamwishia kabla hajaanza kula."

Kikombe kiliendelea kunong'ona.

"Kwa hiyo ni mimi," Jogoo alisema.

"Hapana, kaka, si..." binti alisema.

"Ni mimi. Kila siku naamka watu wamelala. Naumwa, naamka. Nawachagulia maji mabaya kuliko yote yaliyomo baharini, nawaletea kwa bidii." Alicheka, kicheko kibaya. "Mke wangu ananusiwa matangi mbele ya watu, kumbe muuaji ana jina zuri."

Mama Matangi alitamani kumshika mkono, ila mama mkwe alikuwepo. Akasogeza tu goti likagusana na la mumewe.

"Mnataka kuniambia," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imekakamaa, "mume wangu alikuwa mjinga?"

Bibi alitia vidole kwenye kikombe, akalitoa ganda. Akalibonyeza kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Likavunjika.

"Wale konokono wa mawe ya kule chini," alisema. "Zamani nilikuwa nawaokota, ganda gumu kama jino. Siku hizi nikiwashika wanabonyea. Nilidhani ni vidole vyangu, vimezeeka, havijui tena wanachoshika. Sikumwambia mtu. Mtu akishapoteza macho hataki watu wajue na vidole vimekwenda."

Akajifuta mkono.

"Alfajiri ya baba yako ilikuwa nzuri," alimwambia mwanawe. "Aliamka, na matangi yakajaa watoto. Wewe umeamka vile vile, kwenye bahari nyingine. Hakukosea yeye, wala wewe hukulala kazini. Kesho vuta maji saa tisa."

"Na yale maganda," binti alidakia, akipata ujasiri, "yasagwe, yawekwe kwenye pipa, maji yapitie humo kabla ya kuingia tangini. Ukali utayala maganda ya wafu kabla ya kufika kwa walio hai."

"Lundo langu la kukalia?" Jogoo aliuliza.

"Utanunua kiti," alisema mkewe.

* * *

Shemeji alikuja na gari na yule jamaa wa kuosha magari, mtu mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Alishangaa kukuta watu uwanjani. Wafugaji walikuwa wamekuja, hata yule asiyejua kunong'ona, na ndoo yake. Siku mbili kabla, Mama Matangi alikuwa amejaza matangi makubwa yote kwa maji ya saa tisa yaliyopita kwenye pipa la maganda, akatia mayai. Leo ndiyo siku ya kidole.

"Tulikubaliana, mama," Shemeji alisema kwa upole. "Ulisema mara moja zaidi, na ile mara moja imepita."

"Ile mara moja Yatima alipona. Sikusema wangapi waishi." Bibi alinyoosha mkono hewani. "Mkwe wangu yuko wapi? Nipeleke."

Mama Matangi alimshika, akamwongoza hadi tangi la kwanza. Alitega chujio, lakini hakutia vidole vyake. Alichukua mkono wa mama mkwe, wenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, akauweka juu ya chujio mbele ya watu wale wale.

Bibi alisugua. Alisugua muda mrefu, kichwa ameinamisha, na Jogoo akaanza kuhesabu misumari ya ukutani.

"Eeh," bibi alisema. "Eeh, jamani."

"Mama?"

"Vidole vyangu vizima!" Akageuka kule alikodhani mwanawe mdogo amesimama. "Wewe wa mkate mtamu, njoo utie."

Shemeji alikunja mkono wa shati, akatia kidole kimoja kama anayeogopa kuungua.

"Ni mchanga tu, mama."

"Ndiyo. Mchanga unaoogelea."

Yule mfugaji jirani akapiga kigelegele, akakatisha katikati kwa aibu, akamsogelea Mama Matangi. "Shoga, mimi lile neno nililisema kwa labda tu."

"Najua. Na ndoo yako itangoja, labda wiki mbili, labda zaidi."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, maana hakuwa na njia nyingine.

Shemeji alijikuna kisogo. "Sasa huyu jamaa yangu nimwambieje?"

"Mwambie matangi yana watu," alisema mama mkwe.

Binti wa vipimo alingoja kelele zitulie ndipo akamvuta Mama Matangi kando. Hakutaka kumdanganya. "Hii inawapa nafasi, mama, lakini siyo dawa. Moshi ukizidi kuongezeka, ipo siku hata saa tisa patakuwa pagumu."

"Kwani wewe unahama?"

"Hapana."

"Basi siku hiyo utanikuta hapa, na kijiti chako uje nacho. Umeshapata ufunguo wa ofisi?"

"Wamenichongea wangu," binti alisema, akauonyesha.

* * *

Lililobaki gumu lilikuwa Jogoo mwenyewe. Mwili uliofundishwa miaka mingi haujui habari za nyasi za baharini. Aliendelea kufumbua macho alfajiri, akakaa kitandani bila kazi, akafagia, akachota maji ya kunywa, akasaga maganda hadi majirani wakaomba amani. Kufika mchana, baada ya kula, usingizi ulimwangusha kwenye kiti chake kipya, mdomo wazi.

Siku ile ya kwanza wafugaji walipoondoka na ndoo zilizojaa, Mama Matangi alimaliza kusugua chujio, akatazama kivuli cha mlango kilipofika, akatoka nje. Mumewe alikuwa amelala fofofo, jua limempata usoni. Kutoka barazani mama mkwe alisikia nyayo na kuanza kucheka kabla hajasikia neno.

Mama Matangi aliinama hadi kwenye sikio la mumewe.

"Jogoo," alisema. "Amka. Kumekucha."

Akashtuka, akatafuta viatu, na saa tisa mchana mtaa mzima ukasikia pampu ikinguruma.